Mwenye Kuanza Wimbo

Kiembe Samaki
9 Februari 2024

Bi Felisia,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti limepata nafuu.

Nimeona nikuandikie, ingawa kutoka kanisani hadi kwako si mbali. Jana nilifika mpaka mlangoni. Nilisikia cherehani inakwenda, nikapiga hodi mara tatu, hukuitika. Nikajiambia una kazi za watu, nikageuka. Ukweli ni kwamba nilishukuru kupata sababu ya kurudi.

Unajua kwamba Jumapili ya Matawi, tarehe 24 Machi, tutarekodi ibada nzima kwa video, kwaya pamoja na waumini. Jumapili iliyopita fundi mitambo alifanya majaribio. Tulipokaa kusikiliza, mimi, yeye na mchungaji, ilikuwepo sauti moja juu ya zote. Inatangulia kinanda kwa neno zima, na mahali pengine inapanda wakati wenzake wanashuka. Fundi akauliza, "Huyu mama ni nani?" Mimi nikamwambia ndiye anayetuanzishia nyimbo tangu kanisa hili halijawa na kuta.

Ninachokuomba, kwa heshima zote, ni kwamba siku hiyo uimbe kwa sauti ya chini kabisa. Au ukae nyuma karibu na mlango, ambako maikrofoni hazifiki. Ni siku hiyo moja tu. Vijana wamefanya mazoezi miezi minne na wanatamani video yao isikike vizuri hata nje ya Unguja.

Tafadhali usinielewe vibaya.

Wako katika Bwana,
Nehemia Mbwilo
Mwalimu wa kwaya


Kiembe Samaki
12 Februari 2024

Mwanangu Mwalimu Nehemia,

Marahaba. Barua yako nimeikuta chini ya mlango. Nimeisoma mara mbili na nshakuelewa. Siku hiyo sitawaharibia.

Usione aibu kwa kuandika. Ni afadhali hivi kuliko kuniambia mbele za watu. Hodi yako sikuisikia kwa ajili ya hii cherehani, ina kelele za mashine ya kusaga.

Wewe ulikuja hapa juzi juzi kutoka Njombe, kanisa umelikuta na bati na kinanda. Nikwambie tulivyoanza, si kwa kujitetea, ila uwe unajua. Tulikuwa watu kumi na mmoja chini ya banda la makuti uani kwa marehemu mume wangu. Wapishi wawili wa hoteli, mlinzi wa uwanja wa ndege na mkewe, mafundi wa ujenzi, mie na sindano zangu. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimoja, na wanaojua kusoma watatu. Basi mie nikiimba mstari, nanyamaza, wao wananijibu. Ndivyo walivyozijua nyimbo zote hizo mnazozisikia.

Sasa ndege zilikuwa zikipita juu yetu, chini chini, zinakwenda kutua. Ikipita moja husikii hata sauti yako mwenyewe. Mgeni akija mara ya kwanza hunyamaza, anangoja ipite. Sisi hatukuwa tukinyamaza. Tukiendelea vile vile, na ndege ikishapita tunajikuta sote kumi na mmoja tuko neno moja, hakuna aliyebaki nyuma. Mume wangu alikuwa akisema hapo ndipo alipoamini kweli kweli. Si kwenye mahubiri.

Hayo yalikuwa zamani. Rekodini video yenu, Mungu awabariki.

Mwanangu Damasi ananitaka nikakae naye Fumba, anakofanya kazi ya umeme kwenye zile nyumba mpya. Nlikuwa nikikataa. Sasa naona nitakwenda.

Mama yako,
Felisia Mchopa


Kiembe Samaki
20 Aprili 2024

Bi Felisia,

Shikamoo. Pasaka imepita na sijakuona. Siku ya Matawi nilikutafuta kila pembe, mbele na nyuma. Baada ya ibada ndipo jirani yako aliponiambia ulihama Ijumaa iliyotangulia, umepakia cherehani na kitanda kwenye gari, hukuaga mtu.

Nimekupigia simu labda mara kumi. Inaita mpaka inakatika. Mara moja ulipokea, ukasema "haloo, haloo, sema," mimi nasema, wewe unasema "haloo," kisha ukakata. Nikamuuliza muuza samaki anayetoka Fumba na pikipiki kila asubuhi kwenda Darajani, yule Usi, akasema anakufahamu, nyumba yake na ya Damasi zimepakana. Ndiye amekubali kukuletea barua hii.

Video imetoka vizuri sana. Watu wengi wameitazama. Tumepata na baraka nyingine: mfadhili ametupa kinanda kikubwa, spika nne na projekta inayoonyesha maneno ukutani, hivyo hakuna tena haja ya vitabu. Mabenchi ya zamani tumeyatoa, sasa tuna viti vya plastiki vyeupe, kila mtu chake. Kanisa linang'aa. Ungefurahi.

Nataka kuja kukutembelea. Niambie siku gani nitakukuta.

Nehemia


Fumba
2 Mei 2024

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Nashukuru kwa barua. Simu yangu imeharibika, usihangaike kupiga. Niandikie tu, Usi ni mtu mwaminifu.

Samahani kwa kutoaga. Gari lilikuja ghafla.

Huku sijambo. Nyumba iko karibu na pwani. Jirani yangu, mke wa Usi, jina lake Mwanamwema, analima mwani, na mchana akirudi pwani hukaa na mie barazani tukasukana, tukachambua mchele. Ni mtu wa sala tano na moyo safi. Jumapili nnakwenda kusali kwa wenzetu wanaokutana nyumba ya jirani. Ni wachache lakini wanaimba. Basi usiwe na wasiwasi na roho yangu.

Kuja usije sasa. Masika imeharibu njia na Damasi ana wageni wa kazi, hakuna pa kukukalisha.

Nina swali moja. Mabenchi mmeyapeleka wapi? Lile la mbele kushoto, refu, la mbao ya mfenesi, alilichonga mume wangu. Tulikuwa tukikaa watu saba. Kama halijapasuliwa kuni, mie nalitaka. Damasi atakuja na gari kulichukua.

Mama yako,
Felisia


Kiembe Samaki
19 Agosti 2024

Bi Felisia,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Shule ninayofundisha ilikuwa na mitihani, na jambo lenyewe sikujua nijibu vipi.

Mabenchi tuliyagawa. Mengine yalikwenda shule ya watoto, mengine alichukua seremala, na lile la mfenesi lilikuwa miongoni mwa yaliyokwenda kwa seremala. Nilipofuatilia alikuwa ameshalipasua, amefanya vitanda. Nilidhani unauliza kwa sababu hupendi mabadiliko, kama wazee wengine, na kwa kweli nilikasirika kidogo. Sikujua lilichongwa na mumeo. Pole sana, Bibi.

Sasa nikuambie kilichotupata, maana sina mwingine wa kumwambia.

Jumapili ya tarehe 11 umeme ulikatika katikati ya ibada. Kinanda kikazima, spika zikazima, maneno yakapotea ukutani. Mchungaji akasema, "Si neno, tuimbe tu." Kwaya siku hiyo walikuwepo sita. Wakanitazama mimi. Nikaanza wimbo ule wa kumaliza mavuno, unaoujua, nikashika juu mno, wale sita wakanifuata mstari mmoja wakashindwa. Tukanyamaza. Bi Felisia, kanisa lina watu mia na ishirini, na hakuna aliyefungua mdomo. Si kwamba waligoma. Walikuwa wanatutazama, wanangoja tuendelee. Feni zimesimama, unasikia watu wanavyopepea kwa mikono.

Kisha nikaona kitu kimoja. Wale wa zamani, mmoja mmoja, waligeuza shingo kutazama mbele kushoto, pale ulipokuwa ukikaa. Pana kiti cheupe, na juu yake mkoba wa mtu. Mzee Kapungu akasema, si kwa sauti kubwa, "Mwenye kuanza yuko Fumba." Mchungaji akaomba, tukatoka mapema.

Nilikwenda nyumbani nikaitazama tena ile video ya Matawi. Kwaya wanaimba vizuri. Lakini safari hii niliwatazama waumini walio nyuma yao. Wamekaa kama wageni wa arusi.

Rudi, japo Jumapili moja tu. Nitakuja kukuchukua na gari na nitakurudisha. Uimbe utakavyo, juu, chini, mbele ya kinanda, nyuma yake. Kinanda nitakizima.

Nehemia


Fumba
1 Septemba 2024

Mwanangu Nehemia,

Marahaba, na pole kwa yaliyowakuta.

Nitakwambia kweli, maana wewe umeniambia kweli. Ile barua yako ya mwanzo nlilia nayo siku mbili. Si kwa sababu umenikosea. Nlijua unasema kweli. Nlikuwa nshaanza kuona watu wakigeuka kunitazama, watoto wakibana vicheko, nami nnajiambia ni furaha. Barua ndiyo iliyonitoa shaka. Basi usibebe mzigo wote peke yako, wangu nao umo.

Kuja sitakuja. Goti linanisumbua na kifua kinabana. Usinilazimishe.

Lakini kuanzisha wimbo ni kazi, na kazi inafundishika. Nisikilize. Usianzie pazuri kwako wewe, anzia chini, pale ambapo mwanamume asiyejua kuimba anaweza kufika bila kuona haya. Ukimpata huyo, umewapata wote. Usimtazame mwenye sauti nzuri, yeye ataimba tu hata ukimfunga kitambaa. Mtazame aliyefiwa, aliyeachwa, yule anayekuja kanisani kwa mazoea. Huyo hana maneno ya kumwambia Mungu wiki hiyo, anataka kuazimwa. Jirani akiimba pembeni yake, hata vibaya, amemwazima. Kwaya nzuri haiwezi kumwazima, inamfanya asikilize tu.

Na jambo kubwa ni hili. Ukishaimba mstari wako, nyamaza. Waachie nafasi. Hapo utaogopa, utaona muda mrefu, mkono utataka kwenda kwenye kinanda. Usijaze ile nafasi. Ni yao. Mara ya kwanza watakuja wawili. Ngoja.

Mie nlipofiwa na mume wangu, Jumapili ya pili yake nlikwenda kanisani nikaanza wimbo, na sauti ikanikatikia katikati ya mstari. Wenzangu hawakungoja nimalize. Walilichukua neno pale pale lilipodondoka wakaenda nalo. Sikuimba tena siku ile, nlikaa tu juu ya lile benchi, na nyimbo zote zikaimbwa. Nlitoka nikiwa nimesali, na sikuwa nimesema kitu.

Basi ndivyo. Kuhusu benchi usijali, mbao ni mbao.

Mama yako,
Felisia


Kiembe Samaki
12 Novemba 2024

Bi Felisia,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo zaidi ya miezi miwili na nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mikunjo. Sikuijibu kwa sababu kila Jumapili nilikuwa nasema nitajaribu kwanza halafu nimwandikie nimefanikiwa. Sikujaribu. Kila Jumapili nafika, naona kamera, naona vijana wamevaa sare mpya, napiga kinanda.

Sitaki kuendelea kukuandikia. Nataka kukaa mbele yako niseme nimekukosea. Nilitaka video iwe safi, nikamwondoa mtu. Siku moja tu, nilisema, na sikujua kwamba mtu hawezi kunyamazishwa siku moja.

Nakuja Jumamosi hii, tarehe 16, saa nne asubuhi. Usiniambie njia mbovu, Usi amesema ni kavu. Kama hutaki kuniona, nitakaa barazani kwa Bi Mwanamwema mpaka utakapotaka.

Mwanao,
Nehemia


Fumba
24 Novemba 2024

Kwa Mwalimu Nehemia,

Ama baada ya salamu, mie ni Mwanamwema mke wa Usi. Tulionana makaburini Mwanakwerekwe siku ya maziko lakini ulikuwa ukilia, sikutaka kukusemesha. Mwandiko wangu si mzuri, nliishia kidato cha pili. Nnakuandikia kwa sababu yapo mambo huyajui, na marehemu hayupo tena wa kukukataza kuyajua.

Bi Felisia alikuwa hasikii. Si kusikia kidogo. Alipohamia kwetu alikuwa hasikii kitu ila labda mlango ukibamizwa. Tukizungumza naye kwa kutazamana midomo, na likiwa neno refu tukiandikiana kwenye daftari. Simu yake ilikuwa nzima, hiyo hapo juu ya kabati hata leo. Na hakuna nyumba ya jirani wanayosali Wakristo huku kwetu, alikwambia hivyo ili usije ukamtafutia gari. Jumapili alikuwa akifua.

Nlimuuliza kwa nini hakuwaambia wenzake. Aliandika, daftari ninalo mbele yangu: "Wangeniweka mbele kila Jumapili wakanishika masikio kuniombea. Na baadaye wangenihurumia. Mie nlitaka kuimba tu."

Nkamuuliza aliimbaje miaka yote hiyo bila kusikia. Akacheka. Alisema usikivu ulianza kumpotea taratibu, kwanza sauti za watoto, kisha za wanawake, mwisho za wanaume. Akawa anatazama midomo. Na walipokuwa wamekaa saba kwenye lile benchi lao la mbao, wakiimba kwa nguvu, ule wimbo ulikuwa ukimpanda kutoka kwenye mbao. Anausikia mgongoni na mapajani, anajua wako wapi. Alisema akitulia anamjua hata nani hakuja wiki ile. Ile ndege waliyokuwa wakiimba chini yake zamani, alisema kwake ilikuja ikakaa juu, haikupita tena, lakini wenzake alikuwa nao bado. Ndipo mkaweka chombo kile cha kupiga, akashindwa kukifuata, maana chombo hakina mdomo wa kutazama. Na uliposema mmeleta viti vya plastiki, kila mtu chake, aliifunga barua akaniambia, "Basi tena, Mwanamwema. Hata wakinichukua leo, sina pa kuusikilia."

Mie ni Muislamu, mambo ya kwenu siyajui. Lakini nlimfahamu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Alkhamisi. Kifua kilikuwa kimembana tangu Jumanne, daktari alishasema moyo umechoka. Mchana wa Alkhamisi alizidiwa, Damasi akatoka kwenda kutafuta gari ya kumpeleka hospitali, mie nkabaki naye. Usi alikuwa amerudi kutoka Darajani na barua yako. Macho ameyafumba, kusoma hawezi. Nkaifungua nkamsomea kwa sauti, nkimwinamia sikioni, yote mpaka jina lako. Nlijua hasikii. Nlisoma tu, maana imeandikwa na mtu anayeomba radhi, na mie nliona haifai ikae imefungwa na mwenyewe yupo.

Baadaye, adhana ya Alasiri ilikuwa imeshatoka, akaanza kusema. Sauti ndogo. Alisema, "Nani yuko nami njiani?" Nkadhani ananiuliza. Nkamjibu, "Mie hapa, Bi Felisia, tupo pamoja," nkamshika mkono. Akanyamaza kitambo. Akasema tena vile vile, "Nani yuko nami njiani?" na safari hii ndo nkajua ni wimbo, kwa namna neno la mwisho alivyolivuta. Akanyamaza tena. Mdomo uko wazi kidogo, kichwa amekiinua kwenye mto, kama mtu aliyegonga mlango. Anangoja. Kisha anaanza tena. Mara nne au tano, Mwalimu. Na kila akinyamaza mie sijui kinachofuata. Ningekijua ningekisema, wallahi, japo si cha dini yangu. Nlikuwa nkirudia tu maneno yangu yale yale.

Mara ya mwisho alingoja muda mrefu, na alikuwa ameshaondoka.

Damasi alifika na gari baada ya robo saa.

Siku ya maziko mie na Usi tulisimama nje penye dirisha la kanisa lenu. Kwaya waliimba vizuri sana, nguo zao nzuri. Lakini nshazoea kutazama midomo, yeye ndiye aliyenizoesha. Nliwatazama waliokaa kwenye viti. Imefungwa. Wanawake wanalia, wanaume wameinama, na midomo imefungwa. Nkasema moyoni, huyu bibi kaondoka bila kujibiwa kule, na hapa pia.

Usichukie kwa kukwambia hivi. Ninalo la kukuuliza. Kinachofuata ni nini? Ukisema, "Nani yuko nami njiani," wenzako hujibu vipi? Nkilala nnausikia ule mstari nusu, na nusu nyengine sina.

Akhsante,
Mwanamwema Simai


Kiembe Samaki
8 Desemba 2024

Bi Mwanamwema,

Shikamoo. Barua yako Usi alinikabidhi pale barabarani, nikaisoma nimesimama, halafu sikwenda kazini siku hiyo.

Sijachukia. Uliyoyaona dirishani ni kweli. Siku ya maziko nilikuwa na barua yake mfukoni, ile inayosema niwaachie watu nafasi, na bado nilikaa nyuma ya kinanda, kwa sababu ndiko ninakojua kukaa. Wimbo ule wake haukuimbwa kabisa. Haumo kwenye projekta. Wimbo wenyewe aliutunga na marehemu mumewe, haupo kitabuni, na hakuna aliyewahi kuuandika.

Nilimwendea mchungaji nikamsomea barua yako, isipokuwa pale unapotaja midomo, na kisha nikamsomea na hapo. Akaniambia, "Alikuwa akikaa mita tatu kutoka mimbarini kwangu. Miaka yote nahubiri, ananitazama usoni bila kupepesa. Nikidhani anapenda mahubiri."

Leo asubuhi sikuwasha kinanda. Nilisimama chini, katikati ya viti, si jukwaani. Niliwaambia waumini kwamba Bi Felisia alikuwa haisikii sauti yake wala yetu, na kwamba mimi ndiye niliyemwomba ashushe sauti. Nilitaka walijue kutoka kinywani mwangu. Mama mmoja wa kwaya alitoka nje. Mzee Kapungu alivua kofia akaishika magotini, hakunitazama.

Nikaanza wimbo wake. Nilianzia chini kama alivyonifundisha, nikaimba mstari, nikanyamaza. Bi Mwanamwema, sijui nilinyamaza muda gani. Ndege ilipita, ikatua, na bado kimya. Nilitamani sakafu ipasuke. Kisha Mzee Kapungu akajibu, peke yake, sauti imepasuka vibaya. Nikaimba tena. Wakajibu labda wanane. Vijana wengi hawaujui, nao wakawa wanawatazama wazee midomoni kuyapata maneno. Ubeti wa tatu tuliusahau sote, na waliokuwa wakiujua vizuri wameshakufa. Hatukuimba vizuri. Nimesikia mmoja akisema mlangoni kwamba bora tungewasha kinanda. Jumapili ijayo nitaanza tena.

Damasi alikuwepo. Alikaa nyuma, hakuimba, lakini alikuja.

Umeuliza kinachofuata. Anayeanza huimba, "Nani yuko nami njiani?" kisha hunyamaza. Kanisa lote hujibu, "Mimi hapa, tupo pamoja." Jibu ni hilo tu, kila ubeti. Labda ulikuwa umewahi kumsikia akiimba peke yake akifua, likakukaa, au labda ni maneno ambayo mtu yeyote angemwambia mwenzake. Hukukosea neno hata moja.

Alkhamisi ile, baada ya adhana ya Alasiri, sisi tuliopaswa kumjibu tulikuwa kanisani, watu ishirini na wawili. Tulikuwa tunajaribu spika.

Nehemia Mbwilo